Faini ya mwendokasi huandikwa kabla gari halijawashwa

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ulichapisha barua ya msomaji mwenzangu, dereva wa gari la kusambaza mizigo, akitufundisha namna ya kukwepa tochi za trafiki, yaani mashine za kupima mwendo. Niliisoma nikiwa namsubiri mwanafunzi aliyechelewa. Mwanzoni nilicheka, baadaye nikakunja uso. Kicheko kilitokana na zile mbinu zake: CD inayoning'inizwa kwenye kioo cha ndani, kifaa kinacholia tochi ikiwa karibu, kuangalia taa za wanaokuja, na kukanyaga breki ukiiona kamera. Uso niliukunja nilipofika mwisho, pale aliposema kwamba hana jinsi kwa sababu lazima awahi. Maneno hayo aliyapitia haraka kana kwamba hayana uzito. Kwangu mimi ndiyo barua yenyewe, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Nimeendesha magari ya waajiri kwa miaka mingi, kwanza basi la wafanyakazi, baadaye gari la mizigo. Sasa nafundisha udereva. Wanafunzi wengi huniita mwalimu, na wale waliokwisha kujifunza kwa siri kwenye gari la kaka zao huniita mama, kwa sauti ya kunibembeleza nisiwasahihishe sana. Naeleza haya ili msomaji ajue kwamba siongei kwa niaba ya trafiki. Nimekaa upande ule ule wa kioo aliokaa mwandishi wa barua ile.

Nianze na CD, maana imani kwamba inaichanganya tochi nimeikuta kila mahali. Tochi ya rada hutuma mawimbi ya redio, yakagonga gari na kurudi. Gari likiwa linakuja, mawimbi yanayorudi huwa yamebanana. Likiwa linakwenda, yanarudi yakiwa yametanuka. Ukisimama kando ya barabara na lori likapita linapiga honi, utasikia mlio ukiwa mwembamba linapokaribia na kuwa mzito mara tu linapokupita. Christian Doppler wa Austria aliieleza kanuni hiyo mwaka 1842, kabla gari la injini ya petroli halijakuwapo. Mashine hupima tofauti kati ya mawimbi iliyoyatuma na yaliyorudi, ikapata kasi. Sasa mwenzangu aniambie: bati zima la gari, boneti, bampa na grili vinarudisha mawimbi, halafu kisahani kimoja kinachocheza nyuma ya kioo kitayapoteza yote? Kazi pekee ya CD ile ni kukumulika machoni jua linapokuwa mbele.

Kifaa kinachokulilia kina hadithi yake. Rada za zamani zilitawanya mawimbi mbele kwa upana, kwa hiyo kifaa kiliweza kuyanasa kabla hujafika. Tochi za leza hazifanyi hivyo. Hutuma mipigo ya mwanga iliyobana sana, mamia kwa sekunde, kila mpigo ukipima umbali wa gari, na mashine ikakokotoa umbali huo umepungua kiasi gani. Askari huilenga namba ya gari au taa, kwa sababu hapo mwanga hurudi vizuri. Kifaa chako kitalia, ndiyo, lakini kinalia kwa kuwa umeshapigwa. Ni kama kengele inayolia mwizi akishafunga mlango nyuma yake. Tena zipo nchi, Ufaransa na Uswisi zikiwamo, ambako kuwa na kifaa hicho garini ni kosa linalojitegemea, hata uwe unatambaa.

Kuhusu kukanyaga breki mbele ya kamera, huo ndio ushauri ulionikera kuliko yote. Kwanza, anayekufuata haioni kamera unayoiona wewe. Anachokiona ni taa zako nyekundu zinazowaka ghafla mahali pasipo sababu. Pili, kamera za siku hizi si lazima zikupime mahali pamoja. Huwekwa mbili, moja mwanzo wa kipande cha barabara na nyingine mwisho. Ya kwanza inasoma namba ya gari na saa, ya pili vilevile, kisha umbali unagawanywa kwa muda. Chukua kipande cha kilomita 12 ambacho kikomo chake ni 80. Kwa mwendo halali utakimaliza kwa dakika 9. Ukikimaliza kwa dakika 7, wastani wako umepita 100, na hakuna mtu atakayehitaji kujua ulipunguza wapi. Punguza mbele ya kamera zote mbili kama unataka, hesabu haibadiliki.

Najua wapo waliokwisha kugundua hilo wakabuni dawa: wanakimbia, kisha wanaegesha kabla ya kamera ya pili, wananyoosha miguu mpaka dakika zitimie. Nimewaona kwa macho yangu. Mtu amehatarisha roho za watu ili apate nafasi ya kusimama kando ya barabara akiangalia saa!

Kwa kuwa tunazungumzia kamera, niweke kisa kimoja ambacho huwa nawasimulia wanafunzi wakianza kulalamika kwamba zimebuniwa na watu wasiojua raha ya kuendesha. Mojawapo ya kamera za mwanzo za barabarani zilizosambaa duniani ilibuniwa na Maurice Gatsonides, Mholanzi, dereva wa mashindano aliyeshinda Monte Carlo Rally mwaka 1953. Alitaka kupima kasi yake mwenyewe kwenye kona ili azidi kuwa mwepesi. Chombo alichojitengenezea ili akimbie zaidi kikaishia kuwa chombo cha kuwakamata wanaokimbia. Na faini zenyewe si mambo ya jana. Mwaka 1896 huko Kent, Uingereza, Walter Arnold alitozwa faini kwa kwenda maili 8 kwa saa mahali palipotakiwa 2. Hiyo ni kama kilomita 13 kwa saa. Aliyemkamata alikuwa polisi mwenye baiskeli.

Sasa nimpe mwenzangu haki yake. Alilalamika kwamba mashine huonea watu. Kuna mahali amekosea na kuna mahali nasimama naye.

Amekosea aliposema kwamba tochi iliyokaa pembeni ya barabara huongeza kasi. Ni kinyume. Rada ikikupima kwa pembeni badala ya kukutazama uso kwa uso, inasoma pungufu ya mwendo wako halisi, na pembe ikizidi kupanuka, pungufu nalo linaongezeka. Kwa hiyo dereva aliyepigwa na tochi ya kichochoroni amesamehewa kidogo bila kujua. Lakini nasimama naye kwenye suala la vibao. Kibao cha 50 kilichofunikwa na matawi, au kilichogongwa na lori kikalala, hakimwonyi mtu. Ukipata faini mahali kama hapo, usigombane na askari barabarani. Piga picha ya kibao siku hiyo hiyo, picha ionyeshe barabara na mazingira yake, si kibao peke yake. Angalia karatasi uliyopewa kama imetaja mahali, saa, kasi iliyopimwa na kikomo. Soma namba ya gari herufi kwa herufi, maana makosa ya namba hutokea. Na una haki ya kuuliza mashine ilipimwa usahihi lini, kwa kuwa ni kipimo kama mizani, huhitaji kukaguliwa. Hayo yote ni kujitetea kwa uwazi. Kupaka tope kwenye namba, ambako mwenzangu alikugusia kwa mzaha, ni kosa jingine juu ya kosa.

Nije kwenye mshale wa dashibodi, maana hapa ndipo madereva wazuri hunaswa.

Kanuni za kimataifa za utengenezaji wa magari zinakataza mshale kuonyesha kasi ndogo kuliko halisi. Zinaruhusu uonyeshe kubwa zaidi, kwa kiwango maalumu. Ndiyo maana simu yako, inayopima kwa setilaiti, inaweza kukuambia unakwenda 95 wakati mshale uko kwenye 100. Madereva wakishagundua hilo, wanaigeuza tofauti hiyo kuwa posho: wanaongeza tano za mshale, kisha tano nyingine za huruma ya trafiki, kisha tatu kwa kuwa barabara ni nyeupe. Wakipigwa tochi wanashangaa. Nao hawakumbuki kwamba walibadilisha matairi. Mshale unahesabu mizunguko ya gurudumu, haujui ukubwa wake. Ukiweka matairi ambayo mzingo wake umezidi ya awali kwa asilimia 10, ukiona 80 unakwenda 88. Kila mwanafunzi wangu anayeniambia kaka yake ameinua gari kwa matairi makubwa ili lipendeze, namwambia amfikishie salamu hizo.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kipande cha boksi. Nimekikata kwa umbo la kioo cha mshale wa kasi, kina nta ya mshumaa upande mmoja ili kisichanike kwa jasho la mikono, na kinakaa kwenye mfuko wa mlango. Tukishakwenda kwenye barabara kuu kwa muda mrefu, tukakaribia makazi, namwambia mwanafunzi apunguze mpaka 50. Akianza tu kupunguza, nafunika mshale. Namwachia aniambie mwenyewe akiona amefika.

Juzi nilikuwa na kijana mmoja makini sana, wa kuangalia vioo bila kukumbushwa. Alipunguza taratibu, akashusha gia, akatulia. "Tayari, mwalimu. Hamsini."

Nikamuuliza kama ana uhakika.

"Labda hata arobaini na tano. Nahisi tunatambaa."

Nikaondoa boksi. Sabini na mbili.

Kijana hakudanganya. Macho na masikio yake yalikuwa yameshazoea mwendo wa barabara kuu, na mtu aliyezoea 100 akishuka mpaka 70 anahisi amesimama. Hali hiyo inampata kila mtu, hata aliyeendesha maisha yake yote, na ndiyo sababu tochi nyingi hukaa mita chache baada ya kibao cha kuingia makazi. Watu huita mtego. Unaweza kuita hivyo, lakini hapo ndipo watoto huvuka. Usiuamini mwili wako mahali hapo, tazama mshale. Kikomo kinaanza kwenye kibao chenyewe, hakianzi pale gari litakapoamua kupungua baada ya wewe kuondoa mguu. Na ukiwa unatoka, kinaishia kwenye kibao cha kutoka, si kwenye nyumba ya mwisho.

Vipo vitu vidogo vingine vinavyoniondolea faini, navitaja kwa haraka. Kwenye 50 mimi hutumia gia ya chini kidogo, injini inanguruma na ngurumo hiyo inanikumbusha. Kwenye mteremko nashusha gia kabla ya kuanza kuteremka, kwa sababu gari huongeza mwendo lenyewe huku mguu wako ukiwa hauna hatia, na tochi haitofautishi. Kuovateki hakuongezi kikomo. Kama huwezi kulipita gari la mbele bila kuzidisha, basi gari hilo linakwenda mwendo wako, lifuate. Msafara nao haukulindi: mashine za leza huchagua gari moja katikati ya kumi. Na kama gari lako lina kitufe cha kushikilia mwendo, kitumie kwenye barabara iliyonyooka, kimewekwa kwa ajili hiyo. Magari mapya yote yanayouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024 lazima yawe na mfumo unaosoma vikomo na kumwonya dereva akizidisha, ingawa dereva bado anaweza kuupuuza. Nadhani wengi wataupuuza, maana tatizo si kwamba watu hawajui wanakimbia.

Tatizo ni muda. Narudi sasa kwenye yale maneno ya mwisho ya barua ya mwenzangu, kwamba lazima awahi.

Nilipokuwa naendesha gari la mizigo, nilipewa njia ya kilomita 210. Ratiba iliyobandikwa ofisini ilisema safari ni saa mbili na nusu. Kikomo cha gari letu kwenye barabara kuu kilikuwa 80, na njiani kulikuwa na makazi sita ya kikomo cha 50, kila moja likiwa na urefu wa kama kilomita tatu. Siku moja nilikaa na afisa usafirishaji, nikaigeuza fomu ya mafuta nikaandika nyuma yake. Kilomita 192 kwa mwendo wa 80 ni saa mbili na dakika 24. Kilomita 18 kwa mwendo wa 50 ni karibu dakika 22. Jumla saa mbili na dakika 46, na hapo hujasimama kwa taa, hujapunguza kwa tuta, hujakwenda msalani, hujakutana na ng'ombe wala mvua. Nikamsukumia fomu mezani.

Aliitazama, akairudisha. "Lakini wenzako mbona wanafika?"

Nikamwambia, "Wenzangu wanafika na faini."

"Hizo faini ni zao, mama. Kampuni haijamwambia mtu avunje sheria."

Ukitaka kujua faini za mwendokasi zinatoka wapi, zinatoka kwenye jibu hilo. Mtu amepanga safari isiyowezekana kwa sheria, ameipiga muhuri, ameibandika ukutani, na ikifika siku ya kulipa anamkata dereva mshahara kwa utovu wa nidhamu. Askari amefanya kazi yake, mashine imesoma vizuri, dereva kweli alikuwa 97. Anayekosekana kwenye karatasi ile ya faini ni mwandishi wa ratiba.

Mwishowe ratiba yetu ilibadilishwa, lakini si kwa ajili ya hesabu zangu. Tulikuwa tunabeba vioo vya madirisha. Mteja mkubwa alichoka kupokea vipande, akaja juu, akatishia kuhama. Ndani ya wiki hiyo tukaambiwa tuondoke saa kumi na moja na nusu alfajiri badala ya saa kumi na mbili. Nusu saa tu. Vioo vikaanza kufika vizima, na zile karatasi za faini zilizokuwa zikipangwa kwenye meza ya uhasibu zikawa nadra. Hakuna semina iliyofanyika, hakuna dereva aliyehubiriwa. Kioo kilikuwa na mtetezi, sisi hatukuwa naye.

Sisemi hivyo ili kuwatakasa madereva wenye magari yao, ambao hakuna bosi anayewasukuma. Hao bosi wao ni wao wenyewe, nao wanajipangia ratiba mbaya kuliko yetu. Mtu anajua ana kilomita 10 za mjini, anatoka nyumbani akiwa amebakiza dakika 10, halafu anategemea mguu wake wa kulia uzitafute zilizopungua. Hesabu yake inasikitisha ukiiandika. Kilomita 10 kwa mwendo wa 50 ni dakika 12. Kwa 60 ni dakika 10. Amezidisha kikomo njia nzima ili apate dakika mbili, na dakika hizo zinaliwa na taa nyekundu ya kwanza. Hata kwenye barabara kuu faida ni ndogo kuliko mtu anavyohisi: kilomita 100 kwa mwendo wa 120 badala ya 100 zinakuokolea dakika 10, kama hukukuta lori lolote mbele.

Na zile 10 ulizoongeza kutoka 50 kwenda 60 zinanunuliwa kwa bei nyingine. Tuseme magari mawili yanakwenda sambamba, moja 50 na jingine 60, mtoto akatokea mbele. Madereva wote wawili wanachukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga, breki ni zile zile, lami ni kavu. Lile la 50 linasimama baada ya mita kama 28. Mahali pale pale liliposimama, lile la 60 bado linakwenda karibu 40. Wanafunzi hawaniamini mpaka tuikokotoe pamoja, kwa sababu kichwa kinadhani tofauti ya kumi mwanzoni itakuwa tofauti ya kumi mwishoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila asilimia moja inayoongezeka kwenye wastani wa kasi huongeza hatari ya ajali za vifo kwa asilimia nne hivi, na kwamba barabara huua watu takriban milioni 1.19 kwa mwaka. Ukiona faini ni kubwa, linganisha na hayo.

Wapo wanaosema dawa ni kuongeza viwango vya faini. Ufini wana utaratibu wa kutoza kulingana na kipato, na matajiri wamewahi kulipa makumi ya maelfu ya euro kwa kuzidisha mwendo. Naupenda utaratibu huo, maana faini ya kiwango kimoja kwa wote huwa ni ada ya kukimbia kwa mwenye nazo. Lakini kwa dereva wa kuajiriwa hautasaidia. Ukimwongezea faini bila kumwongezea muda, umemwongezea deni tu, kesho yake atakimbia zaidi ili apate safari ya ziada ya kulipa.

Ningependa kuona jambo moja jepesi zaidi. Kila ratiba ya gari la biashara, liwe la abiria au la mizigo, ibandikwe pamoja na hesabu yake: umbali, vikomo, muda wa kusimama, jumla, na jina la aliyeikokotoa. Trafiki akimsimamisha dereva aliyezidisha, aiombe na ratiba. Ikionekana safari haiwezekani kwa mwendo halali, karatasi ya pili ya faini iende ofisini kwa jina lililoandikwa pale chini. Naamini ratiba nyingi zingerekebishwa kabla karatasi ya kwanza haijafika.

Sikuleta methali ya haraka na baraka, Mhariri, kwa sababu nimeiona imeandikwa nyuma ya magari yanayokimbia kuliko yote.

Kwa msomaji mwenzangu wa wiki iliyopita, sina ugomvi na wewe. CD uitoe tu, itakuumiza macho. Umetueleza mbinu zako zote kwa kirefu, ila njia yako hukututajia. Tuandikie tena kupitia ukurasa huu: ni kilomita ngapi, vibao vya 50 viko vingapi, unaondoka saa ngapi, na nani aliyekupangia uwe umefika saa hiyo unayoikimbilia?

Wasalaam,

Mwalimu wa udereva, aliyekuwa dereva wa mizigo